Sindano ya Mfupa: Mwongozo Kamili wa Kupitisha Maji na Dawa Pale Mshipa Unapokosekana

Sindano imetoboa mfupa, imesimama wima yenyewe, mrija wa dripu umeunganishwa, lakini tone halidondoki. Hapo wengi huing'oa na kukimbilia mguu wa pili, kumbe sindano ilikuwa mahali pake tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kuuzibua uboho na kuyasukuma maji kwa nguvu.

Wengine hukwama kwa namna tofauti kabisa. Maji yanaingia bila shida, mgonjwa anaanza kupata nafuu, na hakuna anayepapasa nyuma ya mguu mpaka shavu la mguu limevimba na kukaza.

Makosa haya mawili hutokea baada ya mfupa kutobolewa, si wakati wa kuutoboa. Kwa hiyo hatua za kutoboa zimeelezwa hapa kwa kiasi kinachotosha, na zile zinazofuata zimepewa nafasi kubwa zaidi. Mwongozo ni wa tabibu, muuguzi au mhudumu wa dharura aliyefundishwa na kuruhusiwa kufanya kazi hii. Asiyewahi kushika sindano hii aanze kwenye mguu wa plastiki au mfupa wa mnyama, mbele ya mtu anayeijua.

## Nani anaihitaji, nani haifai

Mgonjwa aliyepoteza maji au damu nyingi mishipa yake hunywea. Mfupa haunywei. Vijishipa vilivyo ndani ya uboho hubaki wazi kwa sababu vimezungukwa na ukuta mgumu, na kinachoingia humo hufika kwenye mzunguko mkuu wa damu ndani ya sekunde chache. Karibu kila dawa ya dharura inayopita mshipani inapita na hapa, kwa dozi ileile. Damu nayo inapita.

Tumia njia hii kwa mgonjwa mahututi ambaye mshipa wake haukupatikana kwa majaribio mawili, au kama sekunde 90 zimepita mnautafuta. Kuendelea kuchoma mikono ya mtoto aliyezimia kwa dakika 20 ni hatari kuliko sindano yenyewe.

Usiingize kwenye mfupa huo kama:

- umevunjika, au mfupa ulio juu yake kwenye kiungo hichohicho umevunjika vibaya;
- ulitobolewa kwa sindano ya aina hii ndani ya saa 48 zilizopita, hata kama jaribio lilishindikana;
- ngozi ya mahali hapo ina jipu, kidonda chenye usaha au jeraha la moto lenye maambukizi;
- una chuma au kiungo bandia karibu na mahali pa kutoboa;
- huwezi kabisa kuzitambua alama zake kwa vidole.

Sharti la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Tundu la kwanza haliwezi kuziba kwa dakika tano. Ukitoboa tena mfupa uleule, maji utakayosukuma yatatokea kwenye tundu la zamani na kujaa kwenye misuli. Jaribio likishindikana, hamia kiungo kingine.

Mgonjwa mwenye ugonjwa wa kurithi unaofanya mifupa ivunjike kwa urahisi naye atafutiwe njia nyingine.

## Vifaa, na viwe tayari kabla ya kugusa ngozi

- Sindano ya mfupa yenye kijiti cha ndani, geji (kipimo cha unene wa sindano) 15 hadi 18. Ya mkono au ya drili ndogo ya betri, zote zinafaa.
- Kama hakuna, sindano ya kuchukulia uboho. Kwa mtoto mdogo, hata sindano ya kawaida yenye tundu pana inaweza kutumika, ila haina kijiti cha ndani na huzibwa na vipande vya mfupa kwa urahisi.
- Mrija mfupi wa kuunganishia, wenye kufuli ya kuzungusha.
- Kiunganishi cha njia tatu.
- Sirinji mbili za mililita 10, na moja ya mililita 20 au 50.
- Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa kuzibulia.
- Maji ya dripu yaliyoamriwa: Ringer au maji ya chumvi.
- Mfuko wa kubana dripu, kwa mtu mzima.
- Lidokeini ya asilimia 2 isiyo na adrenalini wala kihifadhi, kama mgonjwa ana fahamu.
- Klorhexidini yenye spiriti au povidoni ayodini, glovu, gozi, plasta, bandeji na boksi la vyenye ncha kali.
- Kitambaa kilichokunjwa cha kuweka chini ya goti.

Jaza mrija mfupi maji ya chumvi sasa hivi, utoe hewa yote, uufunge. Ukingoja kuujaza baada ya sindano kuingia, uboho utapata muda wa kuganda ndani ya sindano, na shida ya kwanza tuliyoitaja itakuwa imeshaanza.

Urefu wa sindano nao uchaguliwe mapema. Kwenye seti nyingi za drili kuna milimita 15, 25 na 45. Ya 15 ni ya watoto wa kilo 3 hadi 39. Ya 25 ni ya mguu wa mtu mzima au mtoto mwenye nyama nene. Ya 45 ni ya bega la mtu mzima, au pale nyama zilipo nyingi sana. Kilo ni mwongozo tu, kinachoamua ni unene wa nyama iliyo juu ya mfupa. Bonyeza kwa kidole uone kinazama kiasi gani.

## Hatua ya 1: Tafuta mahali kwa kidole, si kwa macho

Mahali panapotumika zaidi ni sehemu ya juu ya muundi, yaani mfupa wa ugoko. Weka kitambaa chini ya goti ili likunjike kidogo, mguu ulegee kuelekea nje.

Papasa kilegesambwa (pia ya goti), kisha shuka taratibu katikati mpaka uguse kinundu kigumu cha mfupa. Hicho ndicho kinundu cha muundi. Kutoka hapo, kwa mtoto, nenda sentimita 1 hadi 2 chini na upande wa ndani wa mguu. Kidole kitatua juu ya uso bapa wa mfupa, hauna misuli, ngozi tu na mfupa. Toboa katikati ya ubapa huo.

Kwa mtu mzima, nenda kama sentimita 2 upande wa ndani wa kinundu, palepale penye ubapa.

Watoto wachanga na wadogo sana kinundu hakishikiki. Usikibuni. Pima upana wa vidole viwili chini ya kilegesambwa, kisha sogea ndani mpaka upate ubapa.

Kwa nini kushuka chini ya kinundu? Juu yake kuna gegedu la ukuaji, tabaka ambalo mfupa wa mtoto hurefukia. Likitobolewa, mguu unaweza kukua kombo. Na ukitoboa pembeni mno, sindano huteleza juu ya ukingo wa mfupa ikaingia kwenye misuli.

Mahali pengine ni haya. Sehemu ya chini ya muundi, kwa mtoto, ni sentimita 1 hadi 2 juu ya kifundo cha ndani cha mguu. Paja la mtoto mdogo hutobolewa sentimita 1 hadi 2 juu ya ukingo wa juu wa kilegesambwa, mguu ukiwa umenyooshwa. Bega la mtu mzima hupitisha maji kwa kasi kuliko mguu, lakini mkono lazima ulazwe juu ya tumbo na usiinuliwe tena mpaka sindano itoke. Ukiinuliwa, sindano hupinda au kuchomoka. Kwa anayeanza, muundi ni salama zaidi kwa sababu mfupa uko chini kabisa ya ngozi.

Ukishapapata, usiondoe macho. Weka alama kwa kubonyeza kucha.

## Hatua ya 2: Safisha, ushike mguu

Paka dawa ya kusafishia kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje, uache ikauke yenyewe. Maambukizi ya mfupa ni machache, lakini yakitokea ni matibabu ya wiki nyingi. Sekunde 30 za kungoja dawa ikauke zina thamani.

Shika mguu kwa mkono wa pili, juu ya mahali pa kutoboa, pembeni ya paja na goti. Kiganja chako kisiwe chini ya goti wala nyuma ya mguu. Mfupa wa mtoto ni laini, na sindano inayopenya pande zote mbili itaishia mkononi mwako.

Mgonjwa mwenye fahamu apigwe lidokeini kidogo kwenye ngozi mpaka juu ya utando wa mfupa. Aliyezimia haihitaji.

## Hatua ya 3: Toboa

Elekeza sindano wima, nyuzi 90 kwa uso wa mfupa. Kwa uso wa mfupa, si kwa kitanda. Mguu uliolegea nje umegeuka, na ubapa wake umegeuka pamoja nao.

Ukitumia sindano ya mkono: weka kitako chake kwenye kiganja, kidole cha shahada kikikaa kama sentimita 1 kutoka nchani ili kuzuia isizame ghafla. Penyeza ngozi mpaka uguse mfupa. Kisha kandamiza huku ukizungusha nusu duara kulia na kushoto. Usiyumbishe sindano huku na huku, maana tundu litapanuka na maji yatavuja.

Ukitumia drili: penyeza ngozi bila kuiwasha mpaka ncha iguse mfupa. Simama hapo uangalie. Angalau mstari mmoja mweusi, ule wa milimita 5 kutoka kwenye kitako, uonekane juu ya ngozi. Usipoonekana, sindano ni fupi na haitafika kwenye uboho. Badilisha. Ukionekana, washa na uache drili ifanye kazi kwa uzito mdogo wa mkono. Kukandamiza sana huizuia kuzunguka, na kwa mtoto huipitisha upande wa pili.

Utahisi ukinzani umekatika ghafla, kama kitu kimeachia. Acha hapohapo. Hamu ya kuongeza kidogo "ili ikae vizuri" ndiyo inayotoboa ukuta wa nyuma wa mfupa wa mtoto.

Ikifanikiwa: sindano inasimama yenyewe bila kushikwa. Ikilegea na kulala, haimo.

## Hatua ya 4: Toa kijiti, hakikisha

Shika kitako kwa vidole, fungua kijiti cha ndani kwa kuzungusha kinyume cha saa, ukitupe moja kwa moja kwenye boksi la vyenye ncha. Unganisha mrija mfupi uliojazwa maji. Sirinji kubwa isiunganishwe moja kwa moja kwenye sindano kwa ajili ya kusukumia, kwa kuwa kila mtikisiko wa mkono wako utapanua tundu.

Vuta kidogo. Uboho ukija, una rangi ya damu nzito, na unaweza kupima sukari papo hapo. Sampuli kwa ajili ya kundi la damu na kuotesha vijidudu pia inafaa, lakini iandikwe wazi kuwa ni uboho. Matokeo ya potasiamu, chembe nyeupe na chembe sahani za sampuli hii hayategemeki.

Uboho usipokuja, usiing'oe sindano. Mara nyingi hauji hata sindano ikiwa sawasawa, hasa kwa aliyekaukiwa sana. Jaribio lenye uamuzi ni la hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Zibua. Bila hili hakuna dripu

Uboho haufanani na mshipa ulio wazi. Ni tishu laini iliyojaa nyuzi na mafuta, kama sifongo mnene. Maji hayapiti mpaka njia ifunguliwe kwa msukumo mmoja wa haraka.

Sukuma maji ya chumvi kwa nguvu na kwa kasi: mililita 5 hadi 10 kwa mtu mzima, mililita 2 hadi 5 kwa mtoto. Kusukuma polepole hakutoshi. Bado kunagoma? Rudia mara moja au mbili. Bado? Vuta sindano nyuma milimita 1 hadi 2, kwa sababu huenda ncha imegusa ukuta wa nyuma, kisha zibua tena.

Mgonjwa mwenye fahamu ataumia hapa kuliko alivyoumia wakati wa kutobolewa. Shinikizo ndani ya mfupa lina maumivu makali, na si haki kumwambia avumilie wakati dawa ipo. Kabla ya kuzibua, mpe lidokeini ya asilimia 2 kupitia sindano hiyohiyo:

- Mtu mzima: miligramu 40, ambazo ni mililita 2, taratibu kwa dakika 2. Ngoja dakika 1. Zibua kwa maji. Kisha miligramu 20 kwa dakika 1.
- Mtoto: miligramu 0.5 kwa kila kilo, isizidi 40, kwa mwendo uleule. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 5, yaani mililita 0.25. Baada ya kuzibua, nusu ya dozi hiyo.

Soma kichupa mara mbili. Lidokeini yenye adrenalini haiingizwi humu. Mwenye degedege lisilotulia, mapigo ya moyo yenye hitilafu au mzio wa dawa hii asipewe kabla ya daktari kuamua. Kama moyo umesimama, usipoteze muda na lidokeini, zibua uendelee.

Ikifanikiwa: maji yanaingia kwa ukinzani mdogo, na mkono wa msaidizi ulio nyuma ya shavu la mguu hauhisi uvimbe wala ubaridi wa maji chini ya ngozi.

Ikishindikana: ngozi inavimba kuzunguka sindano au nyuma ya mguu. Acha mara moja, toa sindano, hamia kiungo kingine.

## Hatua ya 6: Funga isitikisike

Weka gozi zilizokunjwa pande zote mbili za kitako, kisha plasta kuvuka juu yake. Mrija mfupi ubandikwe kwenye ngozi kwa kitanzi, ili ukivutwa, uvutano uishie kwenye plasta usifike kwenye sindano. Mguu wa mtoto ufungwe kwenye ubao mwepesi.

Usizungushie bandeji mguu mzima. Ukifunika shavu la mguu, umejinyima mahali pa kuonea hatari.

## Hatua ya 7: Sukuma maji, usiyaachie yadondoke

Dripu iliyotundikwa hutegemea uzito wa maji peke yake, na uzito huo mara nyingi haushindi ukinzani wa uboho. Ndiyo maana matone ni machache au hakuna.

Kwa mtoto, tumia sirinji na kiunganishi cha njia tatu. Geuza kilango upande wa dripu, vuta mililita 20. Geuza upande wa mgonjwa, sukuma. Mtoto wa kilo 10 aliyeamriwa mililita 10 kwa kila kilo anahitaji mililita 100, yaani sirinji tano. Mmoja asukume, mwingine ahesabu kwa sauti na kuandika. Hesabu ikipotea, maji yanazidi, na sirinji hupeleka maji upesi kuliko unavyodhani.

Kasi na kiasi cha maji vifuate utaratibu wa tiba wa hali husika, si uwezo wa sindano. Baada ya kila kipimo, sikiliza mapafu, papasa ini, hesabu pumzi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali au upungufu mkubwa wa damu ana utaratibu wake, na kumpa maji ya haraka kama wengine kunaweza kumwua.

Kwa mtu mzima, funga mfuko wa kubana kuzunguka dripu, ujaze hadi milimita 300 za zebaki. Toa kwanza hewa yote iliyomo kwenye chupa laini ya dripu, maana ikibanwa itasukumwa kwa mgonjwa.

Kila dawa ifuatwe na maji ya chumvi ya kusukumia, mililita 5 hadi 10 kwa mtu mzima na kama 5 kwa mtoto. Bila hayo, adrenalini hubaki imelala ndani ya mfupa na wewe unadhani imeshindwa kazi.

## Hatua ya 8: Papasa nyuma ya mguu

Kila dakika 5 wakati maji yanasukumwa, kisha kila dakika 15 hadi 30: papasa shavu la mguu na ulilinganishe na la upande wa pili. Tazama rangi ya vidole, gusa joto lake, tafuta mapigo ya juu ya unyayo.

Maji yakivuja kwenye misuli, yananaswa ndani ya vyumba vyake visivyotanuka. Shinikizo hupanda, damu haifiki, misuli inaanza kufa. Dalili za mapema ni shavu kukaza na maumivu makali vidole vya mguu vinaponyooshwa. Mgonjwa aliyezimia hawezi kulalamika, kwa hiyo mkono wako ndio unaolalamika kwa niaba yake. Vidole kupauka na mapigo kupotea ni dalili za kuchelewa, usizingoje. Ukiona mguu umekaza: funga maji, toa sindano, usifunge bandeji, ita daktari wa upasuaji papo hapo.

Dawa za kupandisha presha, kalisiamu na sukari kali huharibu nyama zikivuja, hata kwa kiasi kidogo. Zikiwa zinapita, punguza muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine.

## Hatua ya 9: Tafuta mshipa, utoe sindano

Mgonjwa akishapata maji, mishipa hurudi. Itafute mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma kwa watoto unataka njia hii isizidi saa 8, na taratibu nyingine huruhusu hadi saa 24. Kadiri sindano inavyokaa ndivyo maambukizi yanavyokaribia.

Kuitoa: ondoa mrija, unganisha sirinji tupu yenye kufuli ya kuzungusha ili iwe mpini. Zungusha kufuata saa huku ukivuta moja kwa moja kwenda juu. Usiipindishe kando, inaweza kukatikia ndani. Bonyeza gozi kwa dakika 1 hadi 2, au zaidi ya hapo kwa mwenye tatizo la kuganda damu, kisha funika kwa gozi safi.

Andika kwenye faili mfupa uliotobolewa na upande wake, saa ya kuingiza na ya kutoa, idadi ya majaribio pamoja na mifupa iliyoshindikana, jumla ya maji, na hali ya shavu la mguu wakati wa kutoa. Funga utepe mkononi mwa mgonjwa wenye jina la mfupa na saa, ili zamu inayofuata isiutoboe tena ndani ya siku mbili. Mweleze mgonjwa au mlezi kwamba mahali hapo pakiwa pekundu, pakivimba, pakitoa usaha, au homa ikianza siku au wiki zinazofuata, arudi bila kungoja.